Sura ya 6: Kula Upya Baada ya Kisu

Mgonjwa wa ngiri akishapasuliwa, baada ya siku mbili tatu anaulizia chai na chapati. Mwili wake haukuwahi kusahau kula. Mgonjwa wa akalasia, ugonjwa wa kukwamwa na chakula kwenye umio, hana bahati hiyo. Anatoka chumba cha upasuaji akiwa na kidonda kipya na mazoea ya miaka mingi: kushushia kila tonge kwa maji, kuinuka mezani kabla ya wenzake, kukataa mialiko, kulala ameketi. Kisu kinaondoa kizuizi ndani ya saa chache. Woga na udhaifu uliolimbikizwa na miaka ya kukwamwa na chakula hubaki pale pale, na hivyo ndivyo vinavyoamua kama mgonjwa atapona vizuri au atadhoofu upya huku kovu limeshakauka.

Kwa hiyo sura hii itapita haraka kwenye upasuaji na kukaa zaidi kwenye miezi inayoufuata. Ninaloamini ni hili: mgonjwa wa kumeza haponi peke yake. Anapona pamoja na wanaompikia na wanaokaa naye mezani, na watu hao wanahitaji maelekezo kama yeye mwenyewe anavyoyahitaji.

Ugonjwa unaojificha

Umio ni mrija wa misuli wenye urefu wa takriban sentimita 25. Unaanzia kooni, unapita kifuani nyuma ya moyo, unaishia tumboni. Tunapomeza, misuli yake hujikaza kwa mpangilio, juu kwenda chini, na kulisukuma tonge. Chini kabisa kuna msuli wa duara unaobana muda wote ili asidi ya tumbo isipande. Tonge likikaribia, msuli huo hulegea kwa sekunde chache, chakula kikapita, kisha ukabana tena. Katika akalasia, mishipa ya fahamu inayouamuru msuli huo ulegee imekufa. Msuli unabaki umebana, na sehemu ya juu nayo imepoteza ule mpangilio wa kusukuma. Chakula hushuka kwa uzito wake tu, na kingine hakishuki kabisa.

Ni ugonjwa adimu. Kila mwaka hugundulika kwa takriban mtu 1 katika kila watu 100,000, wanawake kwa wanaume. Chanzo chake hakijathibitishwa, ingawa wataalamu wengi wanaamini kwamba kinga ya mwili huigeukia mishipa hiyo na kuiua. Amerika Kusini, vimelea vya ugonjwa wa Chagas huiharibu mishipa hiyo hiyo na kuleta hali inayofanana.

Kwa kuwa ni adimu, wengi huishi nao miaka bila kujua jina lake. Zahanati inasema ni vidonda vya tumbo na kutoa dawa za kupunguza asidi. Jirani anasema amelishwa kitu. Mwili ukikonda, watu wananong'ona kuhusu UKIMWI. Mwenyewe anajitafutia mbinu: anasimama katikati ya mlo, ananyoosha mgongo, anainua mikono juu, anavuta pumzi na kuishikilia, anakunywa maji glasi nzima ili uzito wake ulisukume tonge. Usiku chakula kilichobaki kwenye umio kinarudi, anaamka anakohoa na mto umelowa. Ugali alioula mchana unatoka kama ulivyoingia, bila uchachu, kwa sababu haukuwahi kufika tumboni. Harusini anasema ameshakula nyumbani. Kwa nje anaonekana mtu wa kujitenga au mwenye maringo, kumbe anajihifadhi asiaibike mbele za watu.

Kuna jambo ambalo msomaji wa Afrika Mashariki hapaswi kulipita. Ukanda unaotoka Ethiopia, ukapita Kenya, Tanzania na Malawi hadi Afrika Kusini, ni miongoni mwa maeneo duniani yenye saratani nyingi ya umio. Hospitali ya Tenwek kule Bomet, Kenya, imejulikana kimataifa kwa wingi wa wagonjwa wa saratani hiyo inaowahudumia. Kwa kawaida saratani huanza kuzuia vyakula vigumu, kisha laini, kisha hata maji, na yote hayo huweza kutokea ndani ya miezi. Akalasia huzuia vigumu na vimiminika kwa pamoja tangu mapema, na huenda polepole kwa miaka. Lakini kwa macho hakuna anayeweza kuzitofautisha kwa uhakika. Yeyote anayekwamwa na chakula mara kwa mara anahitaji kipimo cha kamera, yaani endoskopia, kabla ya kuambiwa chochote kingine.

Kamera isipokuta uvimbe, hufuata picha ya bariamu. Mgonjwa husimama mbele ya mashine ya eksirei na kunywa kimiminika cheupe kizito. Kwenye picha umio unaonekana umetanuka, umejaa, na mwishoni unachongoka ghafla kama mdomo wa ndege. Kipimo cha mwisho ni manometria, ambapo mrija mwembamba hupitishwa puani ili kupima nguvu ya misuli wakati wa kumeza. Madaktari pia hutumia alama za Eckardt, zinazouliza mambo manne: shida ya kumeza, chakula kurudi, maumivu ya kifua na kupungua uzito. Kila moja hupewa alama kuanzia 0 hadi 3, jumla 12. Mtu yeyote anaweza kujibu maswali hayo manne akiwa nyumbani, na majibu yake humsaidia sana daktari.

Kile ambacho kisu hufanya na kile ambacho hakifanyi

Mwaka 1674 daktari Mwingereza Thomas Willis aliandika habari za mgonjwa aliyekuwa akifa njaa huku chakula kikiwa mezani. Willis alimtengenezea kijiti cha mfupa wa nyangumi chenye sifongo nchani, na mtu yule akawa anasukumia chakula tumboni kwa kijiti hicho kila mlo, kwa miaka mingi. Hadi karne ya 20 inaanza, tiba haikuwa imekwenda mbali na pale.

Mwaka 1913 ulibadilisha mambo mara mbili. Huko Leipzig, Ujerumani, Ernst Heller aliukata ule msuli wa chini kwa urefu, bila kuutoboa utando laini wa ndani, na chakula kikapata njia. Mwaka huo huo, New York, Franz Torek aliondoa umio wenye saratani kifuani mwa mama mmoja. Hakuwa na njia ya kuunganisha kilichobaki ndani ya mwili, kwa hiyo alitumia mpira uliopita nje, kutoka tundu la shingoni hadi tundu la tumboni. Mama yule alikula kwa mpira huo kwa zaidi ya miaka 10. Upasuaji wote unaofanyika leo ni mtoto wa kazi hizo mbili.

Mkato wa Heller bado ndio msingi wa tiba ya akalasia, isipokuwa sasa hospitali nyingi duniani huufanya kwa matundu madogo ya tumbo, na daktari hukunja sehemu ya tumbo juu ya mkato ili kupunguza asidi kupanda. Mwaka 2008, huko Japani, Haruhiro Inoue alianza kuukata msuli huo kwa kamera inayopita mdomoni, bila kidonda cha nje. Ipo pia njia ya kuutanua kwa puto. Mwaka 2011 utafiti mkubwa wa Ulaya ulilinganisha puto na mkato wa Heller, na baada ya miaka miwili wagonjwa 86 kati ya 100 waliotanuliwa kwa puto na 90 kati ya 100 waliokatwa walikuwa wanaendelea vizuri. Tofauti ni ndogo, na mgonjwa ana haki ya kuelezwa njia zote zilizopo.

Wagonjwa wachache, takriban 5 kati ya 100, hufika mahali ambapo umio umetanuka na kujipinda kiasi kwamba kukata msuli hakusaidii tena. Hao ndio wanaokabiliwa na upasuaji mkubwa kuliko wote: kuondolewa umio. Mwaka 1946 Ivor Lewis, daktari kutoka Wales, alieleza namna ya kuufanya kwa kupitia tumboni na upande wa kulia wa kifua, na hadi leo upasuaji huo unaitwa kwa jina lake. Tumbo hukatwa likafanywa mrija mwembamba, likavutwa juu kifuani au hadi shingoni, likaunganishwa na kipande cha umio kilichobaki. Kazi hiyo huchukua saa nyingi.

Hapa lipo swali moja ambalo familia isione haya kuliuliza: hospitali hii hufanya upasuaji huu mara ngapi kwa mwaka? Mwaka 2002 John Birkmeyer na wenzake walichapisha uchunguzi wa wagonjwa wa Marekani wenye bima ya Medicare. Katika hospitali zilizofanya upasuaji wa kuondoa umio chini ya mara 2 kwa mwaka, wagonjwa 20 kati ya 100 walifariki. Katika hospitali zilizoufanya zaidi ya mara 19, walifariki 8. Mkono uliozoea na wodi iliyozoea vinaokoa maisha. Ikibidi kusafiri kutoka mkoani hadi hospitali ya rufaa yenye uzoefu, nauli hiyo haijapotea.

Lakini katika njia zote hizi, jambo moja halibadiliki. Mishipa ya fahamu iliyokufa haifufuki. Kisu kinafungua mlango wa chini. Nguvu ya kusukuma chakula hakiirudishi. Mgonjwa asiyeambiwa hili kabla ya upasuaji atafikiri amepasuliwa vibaya siku tonge la kwanza litakaposhuka polepole.

Wodini

Maandalizi huanza wiki kadhaa nyuma. Mwili uliokonda hauungi kidonda vizuri, kwa hiyo mgonjwa aliyepungua sana hulishwa kwanza, kwa vinywaji vyenye protini au kwa mrija. Anayevuta sigara huacha. Siku za mwisho hunywa vimiminika tu, kwa sababu umio wenye mabaki ya chakula ni hatari wakati wa kupewa nusukaputi: mabaki yakipanda, huingia kwenye mapafu.

Aliyekatwa msuli tu kwa matundu madogo mara nyingi hurudi nyumbani baada ya siku chache, akiwa anakunywa. Aliyeondolewa umio ana safari ndefu zaidi, na ni vizuri familia ijue itakachokiona ili isishtuke. Siku ya kwanza mgonjwa ana mrija puani unaotoa maji ya tumbo, mrija ubavuni unaotoa hewa na damu kifuani, mpira wa mkojo, dripu mkononi, na mara nyingi mrija mwembamba unaopenya ukuta wa tumbo hadi kwenye utumbo. Huo wa mwisho ndio mdomo wake kwa sasa.

Asubuhi hiyo hiyo, akiwa na mirija yote hiyo, muuguzi atamwambia aketi kitini. Kesho yake, au hata jioni ile, atatembezwa hatua chache kando ya kitanda. Ndugu walioketi pembeni hulalamika: "Jamani, mwacheni apumzike." Hapana. Adui mkubwa wa siku hizi ni homa ya mapafu. Mtu aliyelala chali bila kuvuta pumzi ndefu hujaza makohozi, na mapafu yaliyosumbuliwa wakati wa upasuaji hayana nguvu ya kuyatoa. Kwa hiyo anafundishwa kukumbatia mto kifuani, kuubana juu ya kidonda, na kukohoa kwa makusudi. Anavuta pumzi ndefu kila saa akiwa macho. Ili aweze, maumivu yanatulizwa kwa dawa za kutosha. Kuvumilia maumivu hapa si ushujaa, maana anayeumwa hakohoi, na asiyekohoa anaugua mapafu.

Chakula huanza kupita kwenye mrija wa utumbo kidogo kidogo, pengine mililita 20 kwa saa, yaani vijiko vinne vya chai. Kinaongezwa polepole kadiri utumbo unavyokipokea. Mdomo umekauka, na maji yako kwenye kikombe pembeni, lakini anaruhusiwa kusukutua na kutema tu. Kiungo kipya kati ya umio na tumbo bado kinashikana, na kikivuja, yaliyomo humwagika kifuani. Homa, moyo kwenda mbio, kifua kuuma ghafla au kupumua kwa shida katika siku hizi kumi za mwanzo ni jambo la kumwita daktari papo hapo.

Hapa ndipo upendo wa nyumbani unapoweza kuua. Wodi zetu zinajaa ndugu saa ya kutazama wagonjwa, kila mmoja na chupa ya chai na hotpoti lake. Shangazi anamwona mpwa wake mifupa mitupu, anatazama muuguzi ameelekea wapi, anammiminia uji "kidogo tu, alainishe koo". Vijiko vitatu vya uji kabla ya wakati vinaweza kumrudisha mgonjwa chumba cha upasuaji. Mtu mmoja katika familia apewe kazi ya kusimama getini, kwa heshima lakini bila kulegea, na kueleza kila anayekuja kwamba leo mgonjwa haletewi kitu cha kutia mdomoni.

Baada ya siku kadhaa, madaktari wengi hurudia picha ya kimiminika kuhakikisha hakuna uvujaji. Kisha huja maji, vijiko vichache. Kwa mtu wa nje ni jambo dogo. Kwa aliyekwamwa miaka mingi, ni saa ya hofu. Anayashikilia maji mdomoni. Anameza, kisha ananyamaza akisubiri kule kubanwa kifuani anakokujua. Asiharakishwe. Muuguzi mzuri hukaa naye, anamwachia muda, na hamsifu kwa kelele wala kumhimiza kuongeza.

Nyumbani, kwa saa

Mgonjwa akirudi nyumbani, vitu vitatu vya maisha yake vimebadilika: kiasi, mwendo na kitanda.

Kiasi kwanza. Kwa aliyeondolewa umio, tumbo lililofanywa mrija halina tena ghala la kuhifadhia. Milo mitatu mikubwa haiwezekani. Inakuwa milo sita au zaidi, midogo, kila baada ya saa mbili au tatu. Na kwa kuwa tumbo ndilo linalotoa sehemu kubwa ya homoni ya njaa, wengi hawasikii njaa kabisa kwa miezi. Akisubiri kusikia njaa, hatakula. Ndiyo maana anakula kwa saa, na simu yenye kengele humsaidia kuliko hamu. Kupungua uzito katika miezi sita ya kwanza ni kawaida, na familia isichukulie kwamba upasuaji umeshindwa. Lakini uzito upimwe kila wiki na kuandikwa, ili daktari aone kama unaendelea kushuka.

Vyakula huanza na vimiminika, kisha laini, kisha vya kawaida, kwa wiki kadhaa, kwa ratiba ya hospitali. Jiko letu lina vingi vya kumfaa: uji wa lishe uliochujwa, mtori uliosagwa vizuri, maziwa na mtindi, supu ya samaki iliyochujwa miiba, viazi vilivyopondwa, parachichi, mayai laini, maharage yaliyopondwa na kupitishwa kwenye chujio. Vinavyosubiri hadi mwisho ni nyama ya kutafuna, mkate mweupe, chapati na ugali mgumu, kwa sababu hujishikanisha na kuwa bonge. Ugali unaporudi, urudi ukiwa laini, pamoja na mchuzi, tonge dogo kama ncha ya kidole, likatafunwa hadi liwe uji mdomoni. Kutafuna sasa ndiyo kazi ya kwanza ya tumbo.

Kuna jambo linalowashangaza wengi. Chai yenye sukari nyingi, soda, juisi na asali vinaweza kumwangusha. Tumbo jipya halishikilii vitu kama la zamani. Sukari ikiingia kwa wingi kwenye utumbo mara moja, ndani ya dakika 10 hadi 30 moyo unaenda mbio, jasho linamtoka, tumbo linanguruma na kuhara kunafuata. Au inakuja baadaye, baada ya saa moja hadi tatu, sukari ya mwilini ikashuka, akatetemeka na kuona kizunguzungu. Dawa yake ya kwanza iko sahanini: sukari kidogo, protini katika kila mlo, na vinywaji vitenganishwe na chakula kwa nusu saa hivi. Hili la mwisho ni gumu hasa kwa aliyeishi na akalasia, kwa sababu maji ndiyo yaliyokuwa yakimwokoa kila tonge. Aache taratibu. Akianza kuhofu, ale kidogo zaidi badala ya kunywa zaidi.

Mwendo nao umebadilika. Mlo mdogo unaweza kuchukua nusu saa. Baada yake asilale wala kuinama kwa saa mbili au tatu. Kutembea kila siku, kwanza uani, kisha hadi barabarani, kunarudisha nguvu kuliko kukaa kitandani. Asibebe ndoo wala mtoto mzito hadi daktari amruhusu.

Na kitanda. Ule msuli uliokuwa ukizuia asidi ama umekatwa ama haupo tena, kwa hiyo akilala chali kila kitu kinapanda. Upande wa kichwa wa kitanda uinuliwe kwa matofali, sentimita 15 hadi 20, na kwa aliyeondolewa umio hilo ni la maisha. Kurundika mito hakufai, maana hukunja tumbo katikati. Mlo wa mwisho uwe saa tatu kabla ya kulala.

Wengine hurudi nyumbani na mrija wa tumboni kwa wiki kadhaa. Anayeuhudumia anawe mikono, ausafishe kwa maji safi yaliyochemshwa na kupoa kabla na baada ya kila matumizi, na asipitishe uji wala vidonge vilivyosagwa bila kuuliza, kwa sababu mrija huo ni mwembamba na ukiziba ni safari nyingine ya hospitali. Ngozi inayouzunguka ikiwa nyekundu, ikitoa usaha au ikivimba, asingoje.

Muislamu aliyepona atataka kujua kuhusu Ramadhani. Mtu anayepaswa kula mara sita kwa siku hawezi kufunga bila kudhurika katika miezi ya mwanzo, na dini yenyewe imempa mgonjwa ruhusa. Jambo hilo alizungumze na daktari wake na shehe wake, mapema, kabla mwezi haujaandama.

Mgonjwa haulizwi uji

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Maana yake ni nzuri: mtu akiugua usimsumbue kwa maswali, mpikie umpe. Kwa magonjwa mengi ni hekima. Kwa mgonjwa huyu, methali hiyo igeuzwe. Huyu lazima aulizwe: unaweza sasa, au baadaye kidogo? Kiasi gani? Kizito au chepesi? Yeye peke yake ndiye anayehisi kifua kinaanza kujaa, na akishahisi, kijiko kimoja zaidi kinatosha kumharibia siku nzima.

Utamaduni wetu wa kulisha ni mzuri na sitaki upotee. Mgeni hukaribishwa, mtoto huongezwa, na kukataa chakula cha mtu ni kama kumkataa mwenyewe. Mama mkwe anayesema "kula mwanangu upate nguvu" anasema kwamba anakupenda. Lakini kwa mgonjwa aliyetoka kwenye upasuaji wa umio, kila sahani iliyojazwa kwa upendo ni mtihani. Anakula kupita kiasi ili asiwaudhi watu, kisha anaenda kutapika chooni kwa siri, kama alivyofanya miaka yote ya ugonjwa. Hivyo familia, bila kujua, inamrudisha kwenye maficho aliyotaka kutoka.

Zipo njia za heshima. Apakuliwe sahani yake ndogo, hata pale ambapo wengine wanakula pamoja kwenye sinia, kwa sababu kwenye sinia kila mtu ana kasi yake na yeye ataachwa. Asihesabiwe vijiko. Asiulizwe mbele ya wageni "mbona umebakisha?" Akikaa mezani bila kula, aachwe akae, azungumze, acheke, kwa kuwa kurudi kwenye mazungumzo ya mezani ni sehemu ya kupona kama lilivyo tonge. Na mtu mmoja nyumbani, mke, mume, dada au rafiki, ajue mpango wake wote ili awe anajibu kwa niaba yake pale aliyealika anaposisitiza: "Mama, daktari amempangia kidogo kidogo. Mfungie, atakula nyumbani saa kumi." Mwenyeji hataona amekataliwa, na mgonjwa hatalazimika kujieleza mara ishirini.

Hofu nayo inahitaji kutajwa kwa jina lake. Mtu aliyewahi kupaliwa usiku peke yake hawezi kuanza kula kwa furaha kwa sababu tu picha ya eksirei ni nzuri. Wengine hubaki kwenye uji miezi mingi baada ya kuruhusiwa chakula kigumu. Wengine hulia mezani. Huo si uoga wa kitoto. Awe anajaribu chakula kipya kimoja kwa siku, mchana, akiwa na mtu anayemwamini. Akiona hofu inazidi kumzuia kula, amweleze daktari, kwa maana ushauri nasaha ni tiba kama dawa nyingine.

Lini kurudi hospitali

Baada ya wiki au miezi, chakula kinaweza kuanza kukwama tena. Mara nyingi sababu ni kovu linalobana pale palipounganishwa, na hutanuliwa kwa kamera, wakati mwingine zaidi ya mara moja. Mgonjwa asikae kimya akidhani ugonjwa wake umerudi na hakuna la kufanya. Arudi pia akiwa na homa, akitapika damu au kupata choo cheusi kama lami, akikohoa kila anapokunywa, sauti ikikauka na isirudi, au uzito ukiendelea kushuka. Aliyeondolewa umio apimwe vitamini B12 na madini ya chuma mara kwa mara, kwa kuwa tumbo lake jipya halisaidii tena mwili kuvinyonya vizuri. Na aliyebakiwa na umio wenye akalasia, hata kama anakula vizuri, bado ana hatari ya saratani kubwa kuliko mtu wa kawaida, kwa hiyo asiukimbie ukaguzi anaopangiwa na daktari wake.

Wengi wanaofuata njia hii hufika mahali pazuri. Hawali kama zamani kabisa, lakini wanakula mezani na wenzao, wanalala usiku bila kukohoa, wanafanya kazi, wanakwenda harusini na kupokea sahani yao ndogo bila aibu. Hayo ni mafanikio makubwa, na yanatokana na kazi ya kila siku ya mgonjwa na watu wake.

Kama nyumbani kwako kuna mtu anayeshushia kila tonge kwa maji, anayekohoa usiku, anayekonda huku akisema ameshiba, usimwachie vidonda vya tumbo wala mganga. Mpeleke apimwe kwa kamera mwezi huu. Na akishapasuliwa, usimpakulie kabla hujamuuliza.